Umelala Vipi, Kaka Wangchu?

Septemba 24, Dingboche

Wageni wa kwanza wa msimu wamefika! Wafaransa saba, pua nyekundu, furaha tele. Mama alikuwa bado na udongo wa viazi kwenye kucha, na mimi nilikuwa juu ya paa na brashi ya rangi. Nilipowaona wakitokeza kwenye ukuta wa shamba la shayiri nilishuka ngazi mbiombio mpaka kopo likanimwagikia. Mguu mmoja wa kijani, mguu mmoja wa kawaida, ndivyo nilivyowapokea wageni wa kwanza wa nyumba yetu wenyewe ya wageni, huku juu milimani. Yetu! Si ya mjomba tena.

Na hilo si kubwa la leo. Kubwa ni kwamba kaka Wangchu amepiga simu kutoka New York. Amekata tiketi. Miaka kumi na miwili ya kuendesha teksi usiku, sasa anarudi kuoa. Mama alilia, akacheka, kisha akaninyang'anya simu na kumuuliza kama amenenepa.

Septemba 25

Theluji nyepesi asubuhi. Nimekaanga chapati za viazi mpaka mkono umekufa ganzi. Wafaransa wanakula, jamani!

Septemba 29

Leo nimepigiwa makofi. Kila jioni huwapanga wageni kuzunguka jiko la samadi ya yak, ng'ombe wetu wa manyoya marefu, na kuwauliza mmoja mmoja: umelala vipi? Hilo ndilo swali langu la kwanza, hata kabla ya chai. Anayesema vibaya namuuliza kichwa, tumbo, miguu. Anayesema vizuri kupita kiasi namtazama mara mbili.

Basi leo kuna mama mmoja wa Uskoti, Morag, mwalimu mstaafu, mcheshi kwelikweli. Mkono wa kulia bia, mkono wa kushoto kidonge.

"Mama Morag, hicho nini?"

"Cha usingizi tu, mwanangu. Jana nimehesabu mbao zote za dari yenu."

Nikamwondolea bia kwanza. Kisha nikaanza hotuba yangu, ile niliyofundishwa na Daktari Ranjana wa kliniki ya Pheriche, lakini mimi naitia chumvi na pilipili. Nililala kwenye benchi mbele ya watu wote, nikafumba macho na kuwaonyesha jinsi mtu anavyopumua usingizini huku juu. Unavuta, unavuta, unavuta. Halafu kimya. Kimya mpaka jirani anaogopa. Halafu unashtuka na kuvuta kwa pupa kama aliyetolewa majini. Wakacheka wote.

"Mnacheka, lakini ndiyo nyie nyote hapa," nikawaambia. "Ni kawaida, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Ule mshtuko ndio mwili unamwamsha mwenyewe ili avute pumzi. Sasa wewe ukiulevya mwili kwa kidonge, halafu ukaongeza bia juu yake, nani atakuamsha?"

Kicheko kikaisha. Mama Morag akanikabidhi kidonge chenyewe, mezani, kwa heshima, na wenzake wakapiga makofi. Asubuhi atavuka kilima kwenda kumwona Daktari.

Oktoba 1

Mama Morag amerudi, usiku amelala vizuri, na leo anaimba. Daktari alimwambia akae hapa siku mbili zaidi bila kupanda, akampa ile dawa ya kuuzoesha mwili mwinuko, ile inayomkojoza mtu. Alimweleza pia kwamba ziko dawa chache za usingizi ambazo mtu aliyekwisha kuzoea mwinuko anaweza kupewa, kipimo kidogo, na daktari anayemjua. Ila si kwa mwenye dalili za kuumwa, si pamoja na pombe, na si kuzijaribu mlimani kwa mara ya kwanza. Nimeyaingiza yote kwenye hotuba.

Oktoba 3

Wifi yangu mtarajiwa amepita! Diki, binti wa Mzee Gyalzen wa Phortse. Ni mwongoza wapanda mlima, na alikuwa na Wakorea wanne anaowapeleka kwenye kilele cha theluji juu ya Chhukung. Ana mabega mapana kuliko ya wapagazi wake na sauti ndogo ya kubembeleza mtoto. Kaka alipoondoka Diki alikuwa bado shuleni, hawakumbukani hata kidogo. Shangazi ndiye aliyewaunganisha, na sasa mwaka mzima wanaongea kwa simu.

"Wifi, niambie ukweli," akaninong'oneza jikoni. "Ana urefu ule wa kwenye picha?"

"Ile picha alisimama kwenye ngazi."

"Mwongo!"

"Ngazi mbili."

Akanipiga kwa kitambaa cha vyombo. Nampenda. Mungu wa milima asije akaharibu jambo hili.

Oktoba 8

Mawingu siku ya tatu. Ndege haziingii uwanja wa Lukla, huko chini njia inakoanzia, na kaka amekwama Kathmandu. Mama amepika pombe ya mchele mitungi miwili na kila saa anaenda kuinusa.

Oktoba 9

Mawingu. Wageni wachache. Nimemgombeza Mama kwa kunigombeza.

Oktoba 10

Ametua! Kaka yuko Lukla! Amepiga simu, nyuma yake nasikia kengele za nyumbu. "Yangji, hewa ya hapa tamu kama maji!" Nimekimbia uani kuwaambia kuku.

Oktoba 12

Sijui nianzie wapi. Amefika!

Nilimwona tangu kwenye kona ya mnara wa maombi, koti jekundu, anatembea na kusimama, anatembea na kusimama. Nikadhani anapiga picha. Mama alikwenda kumlaki na mtungi mkononi, kama mtu mwenye akili timamu anavyofanya hapa kwetu, na kabla hajavua mzigo alikuwa na kikombe cha kwanza mdomoni. Kikombe kimoja ni dharau, viwili ni ugomvi, vitatu ndiyo karibu. Wangchu alivimaliza vyote na watu wakapiga vigelegele.

Amekuja kutoka Lukla kwa siku mbili, akalala Namche, katikati ya njia, usiku mmoja tu. Mgeni akinifanyia hivyo ninamrudisha chini kwa fimbo. Lakini Wangchu ni wa hapa. Kazaliwa chumba kile kile ninachowekea unga.

Amezeeka kidogo. Ana mvi. Anacheka kama zamani.

Oktoba 13

Siku ndefu. Majirani wameingia tangu asubuhi kumwangalia, na kila aliyekuja alikuja na mtungi wake. Kaka alikula vijiko viwili vya supu akasukuma bakuli. Anasema tumbo lake limezoea vyakula vya kule. Mara akashika kichwa.

"Kinakuuma?"

"Ni miwani hii mipya."

"Kaka, umelala vipi?"

Akanicheka usoni. "Yangji! Mimi mzungu mimi?"

Wote tukacheka. Mama akacheka mpaka akakaa chini. Jirani mmoja akasema Daktari amefanya wasichana wa siku hizi wawe waoga wa kilima kilichowazaa.

Mchana Diki akapiga simu kutoka Chhukung. Wakorea wake wamefika kileleni wote, kesho anateremka, kesho watakutana kwa mara ya kwanza! Nikamsikia akimuuliza swali lile lile, maana naye ni kazi yake: umelala vipi?

"Kama mtoto mchanga," akajibu kaka.

Nilikuwa na sufuria mkononi. Mbao za chumba chake ziko juu ya kitanda changu, na zimelia usiku kucha. Nikajiambia ni furaha, ni mambo ya ndege, ni saa za New York. Ameshika kikombe tena. Eti kitamletea usingizi.

Oktoba 15, Pheriche

Naandikia kwenye benchi ya kliniki. Nataka kuyaandika kabla Mama hajayageuza.

Jana asubuhi wageni waliondoka mapema. Nikachemsha chai ya siagi, nikamwita kaka. Kimya. Nikamwita tena. Mama akasema, "Mwache. Amechoka. Usingizi ni dawa." Nikakata nyanya za kachumbari nikiimba, maana Diki alikuwa anakuja na nilitaka ale vizuri. Saa mbili ikafika. Saa tatu.

Nikapanda na chai. Mlangoni nikasikia mlio, na miguu yangu ikaelewa kabla ya kichwa. Anavuta, anavuta, anakoroma kama maji yanachemka kifuani. Halafu kimya. Nikangoja ule mshtuko ninaouigiza kila jioni kwenye benchi. Haukuja. Nikangoja. Nikamwaga chai yote sakafuni nikampiga kofi, la nguvu, kofi la shavuni. Ndipo akavuta.

Midomo yake ilikuwa ya buluu. Kwenye dirisha kulikuwa na pakiti ya vidonge vya usingizi vyake vya New York, viwili vimetoka. Nikaitia mfukoni ili Daktari aione.

"Mama! Njoo! Ameugua mwinuko!"

"Nani?" Mama akauliza kutoka chini. Kweli aliuliza hivyo. "Mgeni gani amebaki?"

Nilipomkalisha kaka akafungua macho, akaniita kwa jina la Mama, akaomba funguo za gari. Miguu ilimkataa. Nikaita helikopta kwa simu, wakaniambia nichungulie dirishani: mawingu yamelala juu ya mapaa. Wanaume wenye nguvu wote wako juu na misafara. Farasi wa jirani yuko Lobuche. Nikabaki nimesimama uani nikizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa.

Na hapo ndipo Diki akaingia getini. Amejifunga leso nyekundu shingoni, amechana nywele, ameshika kopo la asali la kumpa mchumba. Akaniangalia tu usoni, akaliweka kopo ukutani.

"Yuko wapi?"

Hakulia, hakuuliza mengi. Alimpandia kaka chumbani, akaweka sikio mgongoni kwake, akatazama kucha zake. "Maji kwenye mapafu," akasema. "Na amelewa dawa. Nipe kapu la kubebea kuni na kisu." Akakata upande mmoja wa kapu ili miguu ipite, tukamkalisha kaka humo akitazama nyuma, akajipachika mkanda kwenye paji la uso. Akainuka. Kaka yangu ana kilo themanini na kitu, na yule msichana aliinuka.

"Ngojeni!" Mama akapiga kelele. Nikadhani amekumbuka dawa au blanketi. Alirudi na kofia pana ya kitambaa iliyosahauliwa na mgeni, miwani mikubwa ya jua, na mafuta meupe ya jua. Akampaka kaka mafuta pua nzima, akamvika miwani, akamshindilia kofia.

"Mama, unafanya nini?"

"Tutapita kijiji kizima! Mnataka watu waseme mwana wa Dingboche amebebwa kwenye kapu kwa ajili ya kilima?"

Diki alikuwa tayari njiani. Sikuwa na nafasi ya kubishana. Basi tukapita kijiji kizima hivyo: Diki mbele ameinama chini ya mkanda, mimi nikimshikilia kaka kichwa na kumpigapiga shavu asilale, Mama nyuma na shanga zake za maombi. Madirisha yakafunguka.

"Maskini! Huyo wa nchi gani?" akauliza mke wa jirani.

"Mjerumani!" akajibu Mama.

Na Mjerumani, kwa Kisherpa safi cha Dingboche, akasema kwa sauti, "Mama, mkojo."

Ningecheka kama nisingekuwa nalia. Diki alicheka. Nilimsikia akicheka ndani ya pumzi zake, na hakusimama.

Mwinuko wa kilima kile cha katikati ya Dingboche na Pheriche si mrefu, wageni hukipanda wakipiga soga. Jana kilikuwa kirefu kama dunia. Ukungu, upepo wa uso, mawe yanateleza. Nilimpokea mzigo mara mbili, hatua chache tu, akaupokea tena. Kila kaka akinyamaza Diki alisema, "Piga," nami nikapiga. Nimempiga kaka yangu makofi mengi kuliko aliyonipiga yeye utotoni, na yale yalikuwa mengi. Juu ya kilima pumzi ya kaka ikakatika kabisa. Diki akapiga magoti, tukamlaza, nikamtikisa na kumwita matusi yote ninayoyajua. Akavuta. Diki akajipachika mkanda, akainuka.

Daktari Ranjana alitusikia kabla ya kutuona. Oksijeni puani, sindano, kisha ule mfuko mrefu unaofungwa mtu ndani na kupampiwa kwa mguu hadi mwili ufikiri umeteremka chini bondeni. Nikapampu mimi. Kwa mguu huu huu, kiatu kile kile chenye rangi ya kijani. Nikampa pakiti ya vidonge, akaisoma.

"Viwili? Na pombe?"

Mama akatazama sakafu. "Kidogo tu."

"Vikombe vingapi, mama?"

"Vitatu. Ndivyo tunavyokaribisha."

"Na jana?"

"Vitatu. Na vya majirani."

Daktari hakumfokea. Akamshika mkono, akasema, "Mama, pumzi yake ilishachoka kwa kupanda haraka. Pombe ikaisukuma, vidonge vikaikalia." Baadaye nikamwona Mama amekwenda kwa kaka, amekiingiza kidole chini ya ukingo wa ile kofia aliyomvika, anamfuta yale mafuta meupe puani taratibu, anamfuta hata yalipokwisha.

Alasiri kaka alifungua macho yenye akili. Akamwona Diki amekaa miguuni pake, mkanda umemchora alama nyekundu kwenye paji.

"Wewe ni mrefu kuliko kwenye simu," akamwambia.

Nikatoka nje nikalia kwa sauti kubwa mpaka mbwa wakanibwekea. Yuko hai! Kaka yangu yuko hai!

Oktoba 16, Pangboche

Farasi amepatikana. Tumeshuka naye polepole, Daktari pembeni na chupa ya oksijeni. Kila tukiteremka rangi inamrudia. Amekula yai.

Oktoba 18, Namche

Kaka amesema yote kwa Daktari kwenye simu, nikiwa nimekaa hapo hapo. Kichwa kilimuuma tangu Namche. Alitapika njiani nyuma ya jiwe, akafukia. Na vidonge anavimeza mwaka wa sita sasa, kwa sababu mtu anayeendesha teksi usiku analala mchana na mchana wa New York una kelele. Daktari alimwambia asiviache ghafla peke yake, vitapunguzwa kidogokidogo chini ya uangalizi, huku chini, na kwamba yeyote atakayemuuliza amelala vipi apewe jibu la kweli.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Ningesemaje? Wenzangu darasani huko New York waliniambia, wewe Msherpa, mlima haukuumizi, wewe unapumua hata mawe. Abiria wananiuliza hilo hilo kila wiki. Nikaliamini, Yangji."

Mimi pia niliamini. Ninawaangalia wageni kwa jicho la mwewe, na wa kwetu nikamfumbia macho. Nimekasirika, sijui nimkasirikie nani.

Oktoba 20, Dingboche

Nimerudi kazini, kaka amebaki kule chini. Wageni kumi na mmoja. Hotuba jioni. Nilipofika kwenye "kimya" niliinuka nikaongeza samadi kwenye jiko.

Oktoba 23

Bonde lote linajua. Wapagazi wanapita wakiuliza kama Mjerumani amepona. Mama amejifungia na viazi.

Oktoba 27

Habari mbaya. Diki alipita na kikundi kipya, nikamrukia kwa furaha, akanikumbatia lakini kwa upande.

"Wifi, usiniite wifi bado."

"Kwa nini? Ulimbeba!"

"Ningembeba hata mbwa." Akavuta kamba ya mzigo. "Nilimuuliza mchana ule. Umelala vipi? Akasema kama mtoto mchanga. Ningejua, ningeteremka jioni ile ile. Yangji, kazi yangu ni kuuliza na kuamini jibu. Siwezi kulala nyumba moja na mtu ninayelazimika kumwekea sikio mgongoni."

Nikampa viazi vya moto vya njiani. Kopo la asali bado liko ukutani, sijaligusa.

Oktoba 28

Nimempigia kaka, nikamweleza neno kwa neno. Kisha akauliza njia ya Phortse ina wageni wengi siku hizi au la. Mwanamume huyu!

Novemba 2

Jua safi, anga la kukata kwa kisu. Daktari amemruhusu kaka apande mpaka Phortse, si juu zaidi, kwa masharti: alale Namche, alale tena Namche, akiona dalili anageuza. Kapunguza vidonge, na pombe haigusi. Mama anafua nguo za sherehe ambazo hakuna aliyesema zitavaliwa.

Novemba 4

Shangazi ametuma ujumbe kwa Mzee Gyalzen kwamba tunakuja na mtungi, kama desturi ilivyo ya upande wa mwanamume kwenda kuomba. Jibu la mzee: njooni, nitawasikiliza. Kusikiliza tu! Nimeshindwa kula.

Novemba 7, Phortse

Tumerudi kwa shangazi sasa hivi na siwezi kukaa chini, naandika nimesimama kwenye rafu ya mitungi ya maji.

Sebule ya Mzee Gyalzen ilijaa. Wanaume wa Phortse, na Phortse nzima ni watu wa kamba na barafu, hakuna mlima ambao hawajaukanyaga. Walikaa kwenye benchi lile refu la dirishani kulingana na umri, wamekunja mikono. Diki upande wao, karibu na jiko, macho chini. Sisi mlangoni: Mama, shangazi, mimi, kaka na koti lake jekundu. Picha ya Kalden, kaka yake Diki, iko juu ya madhabahu na taa ya siagi mbele yake. Hakurudi kutoka mlimani miaka minne iliyopita.

Shangazi akaanza maneno mazuri ya kuomba. Mzee Gyalzen akainua mkono.

"Subiri, dada. Kwanza nataka kujua." Akamwangalia kaka. "Wewe ndiye Mjerumani?"

Benchi zima likatikisika kwa kicheko. Mmoja akakohoa chai. Mama alijikunja kama anataka kuingia kwenye mtungi. Nami nilikuwa tayari, nina jibu kali kwenye ncha ya ulimi, ningemchafua mtu leo. Kaka akanishika mkono, akasimama.

"Ndiye mimi," akasema. "Nilipanda kutoka Lukla kwa siku mbili. Kichwa kiliniuma tangu Namche, nikasema ni miwani. Nilitapika, nikafukia. Sikulala, nikasema nimelala kama mtoto mchanga, na niliyemdanganya ni binti yako. Kisha nikanywa pombe, nikameza dawa mbili za usingizi juu yake. Kama si yeye, mngekuwa mmekuja kwetu kunizika. Nimekuja kuomba, lakini hata mkininyima nataka niyaseme hapa. Wengi wenu mna watoto Kathmandu, na Marekani. Watakuja sikukuu. Waambieni wapande taratibu. Waambieni wasione aibu."

Kimya kama cha yule ninayemuigiza kwenye benchi. Nikashika pumzi na mimi.

Kisha kutoka mwisho wa dirisha, mzee mmoja ambaye ana vyeti vya milima ukuta mzima, akajikuna shingo. "Mimi mwaka juzi," akasema. "Nilikaa kwa binti yangu Kathmandu majira yote ya baridi. Niliporudi nilitapika Namche usiku kucha. Nikasema ni samaki."

"Samaki Namche?" akadakia jirani yake.

"Ndiyo nilichokuwa nacho kichwani!"

"Mimi Lobuche," akasema mwingine. "Nilimwambia mgeni wangu nimesahau kamba, nikashuka. Sikusahau kamba."

"Mimi nilimeza kidonge cha usingizi cha mgeni wangu," akasema kijana mwenye meno ya dhahabu. "Tulikuwa kambi ya pili. Mpishi aliniamsha kwa maji ya barafu."

Jamani, ikawa kama bwawa limepasuka. Mabingwa wale wote! Huyu kichwa, huyu tumbo, huyu alizimia akasema alikuwa anaomba. Wake zao waliokuwa jikoni wakatoka kusikiliza, mmoja akampiga mumewe kwa mwiko: "Na mimi uliniambia ni malaria!" Mama akacheka. Mama yangu! Alicheka na kulia, mtungi unamtikisika mapajani.

Mzee Gyalzen peke yake hakucheka. Alisimama, akaenda mbele ya picha, akasawazisha utambi wa taa. Watu wakanyamaza mmoja mmoja.

"Kalden alikuwa na redio ya upepo," akasema akiwa ametupa mgongo. "Nilimuuliza mara tatu mchana ule. Unajisikiaje, mwanangu? Akasema, niko sawa, baba. Niko sawa. Niko sawa." Akageuka. "Sijawahi kumsikia mwanamume wa bonde hili akisimama kwenye nyumba ya watu na kusema hakuwa sawa. Mimi kwa upande wangu sina kizuizi. Aulizwe mwenyewe."

Macho yote yakaelekea kwenye jiko. Diki alikuwa bado anatazama moto. Nilitaka kumrukia, kumbembeleza, kumwambia ngazi ilikuwa moja tu kwenye picha ile. Akainua uso, akamwangalia kaka yangu kutoka upande ule wa chumba.

"Sasa hivi," akamuuliza. "Kichwa vipi?"

Kaka akafungua mdomo. Nilimwona anavyotaka kutabasamu, anavyotaka kuwa mtu wa kwenye picha. Akafumba. Akaweka kidole juu ya jicho la kushoto.

"Kinauma kidogo. Hapa. Tangu pale kwenye ngazi za mwisho za kuja hapa."

Diki akaitika kwa kichwa. Akamimina maji ya moto kwenye kikombe, akapita katikati ya wanaume wote wa Phortse, akavuka chumba, akampa. "Kaa chini," akamwambia. "Leo hupandi popote." Na yeye mwenyewe akakaa pale pale, benchi ya mlangoni, upande wetu.